Dawa na Kibebeo Chake: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Ufukweni Mwanza

Nafanya kazi maabara ya zahanati moja huku Ilemela, na nyumbani kwangu si mbali na mwalo. Maswali hayanikuti kazini tu. Nakutana nayo Kirumba Mwaloni nikipimiwa dagaa, kwenye daladala, hata msibani. Mtu kasikia redioni kuna sindano mpya, mwingine katumiwa picha ya mgonjwa aliyefunikwa ngozi ya samaki. Nimeamua kuyaandika pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu kazi yenyewe ilifanyika hapa kwetu, Misungwi na Mwanza mjini, au kwa majirani zetu wa ziwa hili hili, Kisumu na Homa Bay. Huniuma sana mtu wa kanda hii akidhani utafiti ni kitu cha kushushwa na ndege.

Sayansi ya maada ni nini, na inaingiaje kwenye mambo ya tiba?

Maada ni vile vitu ambavyo vitu vingine vinatengenezwa navyo: nyuzi, plastiki, mafuta, jeli, metali. Anayezisomea anauliza kwa nini uzi huu unakatika na ule haukatiki, kwa nini plastiki hii inaachia dawa polepole na ile inaimwaga yote siku moja.

Inaingia kwenye tiba kwa sababu dawa haijipeleki yenyewe. Sumu ya kuua mbu tunayo miaka mingi. Kazi ngumu ni kuifanya ikae kwenye uzi wa chandarua miaka mitatu na ivumilie kufuliwa mara 20, maana hicho ndicho kipimo kinachotumika. Dawa ya kichocho tunayo tangu miaka ya 1970, ila mtoto wa miaka miwili haimezi. Habari nyingi kubwa za miaka hii, ukizichunguza, ni habari za kibebeo. Dawa imepatiwa kitu cha kuisafirisha, kuificha, kuiachia kidogo kidogo au kuifanya imezeke. Shika hilo, na majibu mengi ya hapa chini utayaelewa kirahisi.

Ni kweli chandarua kipya kilipimwa Misungwi?

Kweli kabisa, na natamani kila mtoto wa shule wa Misungwi alijue hilo.

Mwanzoni mwa 2019, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa Moshi na London, waligawa vyandarua vya aina nne katika vijiji 84 vya wilaya hiyo. Vijiji viligawanywa katika makundi 72, na kura ndiyo iliyoamua kundi lipi lipate aina ipi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022.

Tatizo lililowasukuma tunalijua sote. Mbu wa huku wameizoea pairethroidi, ile dawa ya vyandarua vya kawaida. Ndani ya mwili wa mbu sugu kuna vimeng'enya vingi vinavyoivunjavunja sumu kabla haijamuua. Chandarua kimoja kipya kiliongezewa kemikali iitwayo PBO, inayovifunga vimeng'enya hivyo. Kingine kiliongezewa kemikali inayomharibu mbu jike uzazi. Cha tatu, Interceptor G2, kiliongezewa klorfenapiri, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Klorfenapiri ikimwingia mbu haiko tayari kuua. Inangoja vimeng'enya vyake mwenyewe viibadilishe, na ikishabadilishwa inazima uzalishaji wa nishati ndani ya seli zake. Yaani vile vile alivyovitegemea kujikinga na pairethroidi ndivyo vinavyoipika sumu ya kumuua. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Baada ya miaka miwili watoto walipimwa damu. Kwenye vijiji vya vyandarua vya kawaida, asilimia 45.8 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye vijiji vya klorfenapiri walikuwa asilimia 25.6. Ukihesabu watoto waliougua katika miaka hiyo miwili yote, walikuwa pungufu kwa asilimia 44. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, likapendekeza aina hii ya chandarua, na utafiti wa Misungwi ulikuwa kati ya nguzo za uamuzi huo. Kabla ya hapo jirani zetu wa Muleba, Kagera, ndio waliotoa ushahidi wa vyandarua vya PBO. Kanda ya Ziwa imeifundisha dunia mara mbili jinsi ya kulala salama.

Mbona changu kimechanika kabla ya miaka mitatu?

Hauko peke yako. Hao hao wa Misungwi, walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, vyandarua vyao vingi vilikuwa vimetoboka au havitumiki tena. Hapa mkemia amefaulu kumpita fundi wa nyuzi, na kwa maoni yangu hatua inayofuata ni uzi imara zaidi.

Kuna namna mbili za kuweka sumu kwenye uzi. Moja ni kuichanganya ndani ya plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla haijavutwa kuwa nyuzi. Sumu hujipenyeza polepole kutoka ndani hadi juu, na ukifua ile ya juu, ya ndani inapanda kuijaza. Vyandarua vya namna hiyo vinatengenezwa Arusha. Ya pili ni kuipaka juu ya uzi wa poliesta kwa kitu kama gundi, na Interceptor G2 ni ya kundi hilo. Zote mbili zinaharibiwa na jua kali. Fua kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, usitie jiki, anika kivulini. Na mwenzangu wa mwaloni, najua dagaa wakianikwa juu ya chandarua hawashiki mchanga, ila jua la siku tatu hapo ufukweni linakimaliza, na sumu yake haikutengenezwa iguse chakula.

Ile picha ya mtu aliyefunikwa ngozi ya samaki ni ya kweli?

Ni ya kweli, na samaki mwenyewe ni sato.

Nianze na kilichonifanya nilifuatilie jambo hili. Mpwa wangu wa miaka minne alijimwagia maji ya ugali mapajani. Kidonda kilikuwa kinasafishwa na kufungwa upya kila siku. Nesi alikuwa mpole, namshukuru hadi leo. Alimwagia gozi maji ya chumvi, akasubiri, akamwagia tena. Katikati gozi iliachia. Pembeni ilikuwa imeshashikana na nyama mpya, laini, ya rangi ya waridi, na alipoinua pembe moja kwa kibano, nyama ile ilinyanyuka pamoja na uzi. Mtoto alikuwa ameshaacha kulia kwa sauti, anatetemeka tu. Kesho yake ilipofika saa ya kusafisha alijificha uvunguni. Kila siku tulikuwa tunang'oa sehemu ya kile mwili ulichojenga usiku.

Sasa twende Fortaleza, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Madaktari wa huko, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará, walianza kati ya 2015 na 2016 kutibu majeraha ya moto kwa ngozi ya sato. Brazili inafuga sato kwa wingi, na ngozi ilikuwa taka. Walipoipima wakakuta ina kolajeni nyingi ya aina ya kwanza, ile ile inayoipa ngozi ya binadamu nguvu yake. Inashika unyevu na haikatiki ovyo. Ikilazwa juu ya jeraha safi inashika kama kiraka, na kwa majeraha mengi yasiyo ya kina inaachwa hapo hapo siku kadhaa, hata kumi, hadi chini yake pawe pamepona na yenyewe ikauke na kubanduka. Katika majaribio yaliyoilinganisha na krimu ya kawaida yenye madini ya fedha, majeraha yalifunguliwa mara chache zaidi na wagonjwa walisikia maumivu kidogo.

Aisilandi walitumia ngozi ya samaki wa bahari yao ya baridi, na Marekani iliidhinisha bidhaa yao mwaka 2013. Kwa hiyo hili ni tawi la kweli la tiba, lina viwanda na wanunuzi.

Huku kwetu sato aliletwa ziwani miaka ya 1950, akamkuta ngege, sato wa asili wa ziwa hili, na leo ndiye samaki wa heshima mezani. Viwanda vyetu vya minofu vinachakata zaidi sangara. Mabondo yake, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanapanda ndege kwenda Asia kwa bei ya dhahabu, mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikiondolewa, yanaliwa uswahilini, na ngozi inakwenda na mabaki. Kisumu kuna mafundi wanaoshona mikoba na viatu kwa ngozi ya samaki wa ziwa. Ngozi ya kutibia inadai kazi kubwa zaidi: maabara safi, kemikali, mionzi, na majaribio ya miaka kwa wagonjwa wa hapa. Lakini malighafi ipo tele, na watoto wanaoungua kwa maji ya ugali, uji na mafuta ya mandazi wapo. Natamani kuona vijana wetu wa vyuo wakilishika.

Basi nikinunua sato sokoni naweza kuweka ngozi yake kwenye jeraha?

Hapana. Tafadhali, usifanye hivyo. Ngozi inayotumika hospitali imeondolewa magamba na nyama yote, imeloweshwa kwenye dawa ya kuua vijidudu na kwenye glisaroli, kisha imepigwa mionzi. Ngozi ya sokoni ina bakteria wa ziwani, na jeraha la moto ni mlango ulio wazi.

Ukiungua, mwagia maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si ya barafu, kwa dakika 20. Zitoe nguo na bangili kama hazijashikana na ngozi. Usipake dawa ya meno, yai, majivu wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, uende kituo cha afya.

Mwanangu ana miaka mitatu, tunaishi kando ya maji. Kuna dawa ya kichocho ya kumfaa?

Swali hili naulizwa na akina mama wa visiwani kuliko swali lingine lolote. Ukerewe, Kome, Ukara, mtoto anaogeshwa ziwani kabla hajajua kutembea. Konokono wa ukingoni wanaachia vimelea majini, vimelea vinatoboa ngozi, na baada ya wiki kadhaa minyoo imeshatulia kwenye mishipa ya damu ya tumbo. Aina iliyotawala ukingoni mwa ziwa ni kichocho cha tumbo. Cha mkojo utakikuta zaidi bara, kwenye madimbwi na malambo.

Dawa ni prazikwanteli. Kidonge ni kikubwa, ukikivunja ni kichungu, na mtoto mdogo anakitapika. Kwa miaka mingi kampeni zililenga watoto wa shule, wadogo wao wakabaki na minyoo yao. Mwaka 2022 WHO iliagiza ugawaji uanzie watoto wa miaka 2, lakini agizo halikibadilishi kidonge.

Kilichokibadilisha ni kemia nzuri sana. Molekuli ya prazikwanteli ina sura mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto: kila kitu sawa, ila haziwezi kulaliana. Mkono mmoja ndio unaoua minyoo. Ule mwingine hauui, na unabeba sehemu kubwa ya uchungu. Kidonge cha zamani kina mikono yote miwili, nusu kwa nusu. Watafiti walitengeneza kipya chenye mkono unaofanya kazi peke yake, kikawa kidogo, hakina uchungu ule, na kinayeyuka ndani ya kijiko cha maji. Kinaitwa aprazikwanteli, kwa watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Kilijaribiwa Kodivaa na Homa Bay, ng'ambo ya ziwa letu. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitoa maoni mazuri Desemba 2023, WHO ikakikubali mwaka 2024, na nchi zimeanza kukipokea moja moja.

Uliza kituoni kwako kama kimefika. Kama bado, mtoto wa miaka mitatu mwenye kichocho anatibiwa kwa kidonge cha zamani kikisagwa na dozi ikipimwa kwa uzito. Usimwache mpaka aanze shule.

Kwa nini chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi sasa ni sindano moja? Tunapunjwa?

Hampunjwi. Na sehemu ya jibu ilitoka kwenye mikono ya mabinti wa Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki hapa katika utafiti wa NIMR na kitengo cha majaribio ya tiba cha Mwanza. Wengine walichomwa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote, hata wa dozi moja, walikuwa bado na kinga mwilini. Wakati huo huo nchini Kenya, Kisumu ikiwemo, wasichana wakubwa kidogo walifuatiliwa kuona nani anapata maambukizi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, na dozi moja iliwakinga na aina zake mbili hatari zaidi kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya mwanzo. Desemba 2022 WHO ilisema dozi moja inaweza kutosha. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024.

Inawezekanaje dozi moja ifanye hivyo? Chanjo hii haina kirusi. Ina ganda tupu. Protini moja ya kirusi ikitengenezwa kwa wingi ndani ya seli za hamira au za wadudu, vipande vyake vinajipanga vyenyewe, 360, kuwa kijimpira kinachofanana na kirusi kwa nje, ndani hamna kitu. Kinga ya mwili ikiona mpangilio ule wa kujirudiarudia inashtuka kuliko ingeona protini iliyotawanyika. Umbo ndilo linalofanya kazi.

Na kwa kuwa nyumba nyingi wananiuliza kwa kunong'ona: hapana, haizuii kuzaa.

Na chanjo ya malaria?

Zipo mbili. RTS,S ilipendekezwa na WHO Oktoba 2021, R21 Oktoba 2023. Upande wa Kenya, RTS,S ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019, na ukijumlisha Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Ni dozi nne, na haiondoi chandarua. Kinachonivutia ni kiongezi cha R21, Matrix-M: vizimba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vilivyojengwa kwa mafuta na povu la magome ya mti wa huko Chile, mti ambao wenyeji walikuwa wakifulia. Povu la sabuni ndilo linaloamsha kinga.

Chanjo za mRNA zinabadilisha vinasaba vyangu?

Hapana. mRNA ni maelekezo ya muda ya kutengeneza protini. Yanasomwa nje ya kiini cha seli, kisha yanavunjwa. Vinasaba vyako viko ndani ya kiini. Peke yake mRNA haidumu mwilini hata kidogo, ndiyo maana inafungwa ndani ya kitone cha mafuta kidogo kuliko bakteria. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Nobeli ya 2023 kwa kugundua namna ya kuifanya mwili uipokee bila kuishambulia.

Hiyo sindano ya miezi sita ya kuzuia VVU ni kweli, au ni maneno ya mtandaoni?

Ni kweli. Inaitwa lenakapaviri. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo yakatangazwa 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 walichomwa sindano hiyo kila miezi sita. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Nilipoisoma hiyo sifuri nilisimama. Katika kazi hii hatuzioni sifuri. Marekani iliiidhinisha kwa kinga Juni 2025, WHO ikaipendekeza Julai mwaka huo huo, na makubaliano yametangazwa ya kuwezesha matoleo ya bei nafuu, dola 40 hivi kwa mwaka, kuanzia 2027.

Siri ni mbili. Dawa inashambulia ganda la kirusi, na inakuwa na nguvu kwa kiasi kidogo mno. Ya pili ni kibebeo: ikichomwa chini ya ngozi inabaki pale kama ghala dogo linaloyeyuka polepole nusu mwaka. Mfikirie mvuvi wa dagaa anayehama kisiwa kwa kisiwa kufuata giza la mwezi, au mama ntilie wa kambini anayelala chumba kimoja na wenzake wanne. Kidonge cha kila siku kinataka mahali pa kukificha na mtu wa kukuuliza kwa nini unakunywa. Sindano ya miezi sita haionekani. Kwa wanawake ipo pia pete ya silikoni yenye dawa ya dapivirini, inayovaliwa ndani ya uke mwezi mzima, iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021. Kinga yake ni ndogo kuliko ya sindano, ila mwanamke anaiweka mwenyewe.

Lazima upimwe kwanza uonekane huna VVU, na haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Magonjwa ya ngono yasipuuzwe. Utafiti wa vijijini Mwanza uliochapishwa 1995, katika jamii 12, ulionyesha kwamba kuyatibu vizuri kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia 40 hivi. Dunia nzima iliusoma.

Nimesikia selimundu sasa inapona kwa kuhariri vinasaba. Mtoto wangu atapata lini?

Mama, nitakujibu bila kukuzungusha. Tiba ipo, inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba. Chembe mama za damu zinatolewa kwa mgonjwa, zinahaririwa maabara ili ziwashe tena himoglobini ya kichanga, ile ya tumboni ambayo haijikunji mundu, kisha zinarudishwa baada ya uboho kusafishwa kwa dawa kali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na inadai miezi ya hospitali. Kwa mtoto wako mwaka huu, siyo hiyo.

Lakini ipo haidroksiyurea, kidonge cha kila siku kinachoelekea mlango ule ule: kinapandisha himoglobini ya kichanga. Majaribio ya Uganda, Kenya, Kongo na Angola yalionyesha watoto wetu wanaivumilia vizuri na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vinapungua. Katika hospitali ya Bugando hapa Mwanza dawa hii imetafitiwa kuzuia kiharusi kwa watoto wenye selimundu. Kama mtoto wako hajawekewa dawa hii, muulize daktari kliniki ijayo.

Na kuna kitu kimoja cha karatasi nakipenda. Watoto wachanga wa kanda hii waliotobolewa kisigino kupimwa VVU waliacha matone ya damu yaliyokauka kwenye kadi za karatasi nene. Kadi hizo zikapimwa selimundu pia, zaidi ya 17,000. Ikaonekana asilimia 20 ya watoto wamebeba kinasaba kimoja, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Karatasi hiyo haidai friji wala umeme. Kadi inasafiri ndani ya bahasha kwenye boti kutoka kisiwani, na jibu linarudi na jina la mtoto.

Samaki wetu wana plastiki?

Wapo wenye nayo. Sangara na sato walionunuliwa hapa Mwanza mwaka 2015, ishirini kwa ishirini, walipasuliwa na matumbo yao kuchunguzwa. Mmoja kati ya watano, kwa kila aina, alithibitishwa kuwa na vipande vya plastiki. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kwa maziwa makuu ya Afrika. Ni samaki wachache, kwa hiyo ichukue kama taa ya onyo.

Kwa sato na sangara, matumbo tunayatupa. Wasiwasi wangu ni dagaa, tunayemla mzima mzima, na hakuwemo kwenye utafiti ule. Kuhusu afya, mwaka 2024 madaktari wa Italia walikuta chembe za plastiki ndani ya mafuta yaliyoziba mishipa ya shingo ya wagonjwa 150 kati ya 257, na hao walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wengine. Hilo halithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Mimi naendelea kula dagaa, maana protini na madini yake nayajua. Ila nyavu za plastiki za timba zilizokatika na chupa za maji zinazotupwa kutoka botini zinaniudhi zaidi kuliko zamani.

Nobeli ya kemia ya 2025 ilihusu nini?

Fremu za metali na kaboni zenye vyumba vitupu ndani yake, kazi ya Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Gramu chache za unga wa namna hiyo zina kuta za ndani ambazo eneo lake, zikitandazwa, linalingana na kiwanja kizima cha mpira kama cha CCM Kirumba. Vyumba hivyo vinaweza kunasa mvuke wa maji jangwani, gesi, au kubeba dawa. Upande wa dawa bado ni kazi ya maabara zaidi.

Watafiti wakija mtaani wanachukua damu. Wanaipeleka wapi?

Usione haya kuuliza. Utafiti wowote kwa binadamu nchini unatakiwa kuwa na kibali cha maadili, na cha kitaifa kinatoka NIMR. Ukihusu dawa au chanjo mpya inaongezeka ruhusa ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kabla hujatobolewa unasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili: damu kiasi gani (mara nyingi ni kijiko kimoja cha chai), itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, kama itavuka mpaka, na nani atakutibu ukidhurika. Kama hujui kusoma, shahidi unayemwamini anakaa nawe. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kutoka kesho, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi.

Bibi mmoja wa kijijini alinieleza kuwa alimwambia kijana wa utafiti, "Soma tena pale penye damu, mjukuu wangu, polepole." Akasomewa mara tatu, kisha akaweka dole gumba. Nakala moja ya fomu ni yako, na chini yake pana namba ya simu ya kamati ya maadili. Iweke pamoja na kadi ya kliniki.